Kliniki Iliyongoja Mgeni Rasmi

Ilikuwepo nchi, na kama haijauzwa basi ipo mpaka leo, ambayo jina lake siwezi kuwatajia. Msidhani naogopa. Jina lenyewe halijazinduliwa. Lilishachaguliwa, likachapwa kwenye barua na kuchorwa ubavuni mwa ndege ya taifa, lakini mgeni rasmi alipata dharura asubuhi ile, na tangu hapo wananchi wakiulizwa wanatoka wapi husema "kule kwetu", na maisha yanaendelea.

Kule kwao, kitu ambacho hakijazinduliwa hakipo. Hiyo si methali, ni Sheria Namba Moja. Daraja la Mto Kivunde lilikamilika mwaka wa nne sasa, zege tupu, lina taa na njia ya waenda kwa miguu. Watu wanaogelea chini yake. Ukiwauliza mbona hampiti juu, wanakushangaa: juu ya nini? Wanachokiri ni kwamba tangu serikali iwaletee kile kivuli, kuogelea kumekuwa raha. Watoto wachanga ndio pekee wanaoruhusiwa kulia kabla ya uzinduzi, na hata hilo kuna tume inalifanyia kazi.

Sasa katika nchi hiyo kulikuwa na chuo, Chuo cha Taifa cha Upimaji na Ufundi, na chuoni hapo alikuwepo dada mmoja wa mwaka wa tatu, umri miaka ishirini na mitatu, jina lake Tunu. Alisomea upimaji wa ardhi. Alikuwa mtu wa kamba na vigingi, mtu asiyesema "pale karibu" bali "mita kumi na nne na nusu", na kwa tabia hiyo walimu walimpenda na waliojenga uzio ndani ya viwanja vya jirani zao walimwogopa.

Jumanne moja akapata ujumbe kwenye simu. Ulitoka kwa Dastani, kijana waliyeachana miezi saba nyuma kwa sababu ambazo hazituhusu. "Tunu, nimepima, nimekutwa na kaswende. Natibiwa. Tafadhali na wewe nenda ukapime. Samahani sana."

Tunu aliusoma mara nne. Alimtukana Dastani kimoyomoyo, matusi ya kutosha, kisha akaona haki itendeke: ni wanaume wangapi wanaotuma ujumbe kama ule? Wengi hubadilisha namba. Lakini kilichomsumbua hasa hakikuwa Dastani. Kilikuwa Lusajo.

Lusajo alisomea umeme, mwaka wa tatu vilevile, mrefu, mcheshi, akicheka darasa zima linajua. Wiki mbili kabla ya ujumbe ule, yeye na Tunu walikuwa wameketi nyuma ya karakana na kukubaliana kiutu uzima: kitandani hawafiki mpaka wote wawili wamepima. Wazo lilikuwa la Tunu. Lusajo aliafiki haraka mno, akidhani kupima ni shughuli ya mchana mmoja. Maskini, alisahau anaishi nchi gani. Sasa Tunu alikuwa na siri tumboni na hakujua aseme nini. Amwambie "huenda ninaumwa"? Huenda si jibu. Akaamua apime kwanza, ajue, kisha amwambie faragha, wawili tu.

Kliniki ya Afya ya Vijana ilikuwa mita mia moja na sitini kutoka bweni. Jengo zuri, rangi ya samawati. Ndani kulikuwa na maboksi arobaini ya kondomu, vipimo vya kila namna, sindano, vidonge, na sanamu ya kufundishia iliyofunikwa kitenge kwa amri ya Mkuu wa Chuo. Mlangoni ulitandazwa utepe. Ulikuwa mwekundu siku ulipofungwa. Baada ya mwaka mmoja na miezi miwili ya jua, ulikuwa umepauka ukawa rangi ya ufizi. Muuguzi alikuwemo pia, Nesi Kandida, mama wa makamo mwenye miwani shingoni. Kwa kuheshimu utepe, aliingia na kutoka kwa dirisha la nyuma, akikanyaga ndoo.

"Shikamoo, Nesi," Tunu alisema dirishani.

"Marahaba, mwanangu. Ila usinisalimie kwa sauti, mimi kisheria simo humu."

"Nataka kupima."

"Wapi?"

"Si hapa, Nesi?"

"Hapa wapi?" aliuliza Nesi Kandida, kwa uchovu wa mtu aliyeuliza swali hilo kila siku. "Mwanangu, vipimo ninaviona kwa macho yangu, nikinyoosha mkono navishika. Lakini havipo. Nikikupima kwa kipimo kisichokuwepo, na majibu yako yatakuwa hayapo."

Tunu alianza kulia, kidogo tu, akajifuta kwa mkono wa shati. Nesi akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akasogea dirishani. Maneno, unajua, hayakuwemo kwenye orodha ya vitu vinavyosubiri kuzinduliwa. Walioandika orodha waliyasahau.

"Nisikilize. Kaswende inatibika. Sindano, basi. Na ule mwingine unaouogopa hata kuutaja, ukikutwa nao kuna vidonge vya kila siku, watu wanavimeza na wanaishi, wanaolewa, wanazeeka, wanagombana na wakwe zao kama kawaida. Kibaya ni kutojua. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Nesi."

"Haya, futa kamasi, mpishe mwenzio."

Tunu aligeuka akakuta foleni. Wanafunzi kumi na wawili, kila mmoja akijifanya anatafuta kitu kilichodondoka majanini. Kijana wa useremala akasogea dirishani akauliza, kwa niaba ya rafiki yake, kama kuvaa kondomu mbili kwa mpigo ni usalama maradufu.

"Mwambie rafiki yako zitasuguana zipasuke," Nesi alijibu. "Moja yatosha, ivaliwe vizuri, tena mapema, si mtu ameshafika nusu ya safari ndiyo anakumbuka mkanda. Na huyo rafiki yako mwambie aache kusimama juu ya maua yangu."

Kesho yake Tunu alikwenda hospitali ya wilaya. Karani alimpokea kwa heshima zote, akamwambia mwanafunzi wa chuo hupimwa kwa barua ya rufaa kutoka kliniki ya chuo chake.

"Kliniki ya chuo chetu haipo," alisema Tunu.

"Hilo halina shida kabisa," alisema karani, akitabasamu. "Lete barua kutoka kliniki hiyo, ithibitishe kwamba haipo."

Basi akabaki na mlango mmoja, wa Mkuu wa Chuo, Profesa Tambazani. Ukuta wa ofisi yake ulijaa picha zake akiwa ameshika sahani yenye mkasi, pembeni ya watu wakubwa. Tunu hakusema anachotaka kupima. Alisema tu kwamba wanafunzi wanaomba kliniki ifunguliwe. Profesa aliinuka, akashika kola za koti, akazungumza kama yuko mbele ya watu elfu.

"Binti, chuo hiki kinafundisha kuanzia shingoni kwenda juu. Kutoka shingoni kwenda chini hatuna kozi, hatuna mhadhiri, na sitegemei kuwe na wanafunzi. Hata hivyo, sisi si watu wa zamani. Nimeandika barua saba kuomba mgeni rasmi. Waziri wa Afya anasema hilo ni suala la vijana. Waziri wa Vijana anasema ni la maadili. Waziri wa Maadili, Mheshimiwa Mavumba, alikubali kwa moyo mkunjufu, kwa sharti moja tu, kwamba asiambiwe anazindua nini. Katibu wake akamwambia. Ikawa basi."

"Sasa itakuwaje, Profesa?"

"Imeshakuwa. Vifaa vyote vinaisha muda tarehe thelathini, vitachomwa moto. Mungu hamtupi mja wake: kuzindua uchomaji wamejitokeza mawaziri watano! Wawili walifikia kukunjana mashati. Ameshinda huyohuyo Mheshimiwa Mavumba. Na kwa kuwa ana safari, anakuja tarehe ishirini na nane."

Hasira ilimpanda Tunu mpaka masikio yakamwaka. "Mna watu watano wa kuchoma na hamna hata mmoja wa kufungua?"

"Binti, uchomaji una moshi," alisema Profesa kwa upole, kama anayemweleza mtoto. "Moshi unapendeza kwenye picha. Halafu wewe si wa upimaji? Vizuri sana. Mwaka wa tatu ndio mtakaopima kiwanja cha sherehe." Akamkabidhi Mwongozo wa Itifaki ya Uzinduzi, kurasa mia mbili na kumi na mbili, jalada gumu.

Tunu aliubeba kwa kinyongo, lakini mpimaji ni mpimaji, kazi akipewa anaifanya. Aliusoma ukurasa kwa ukurasa. Kiti cha mgeni rasmi kisipigwe na jua kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Upepo umtoke kisogoni. Ardhi isiwe na mteremko, maana kuna waziri mmoja aliwahi kuzindua akiwa anaserereka. Nyuma ya utepe pawe na ukuta wa kutundika bango. Harufu ya jiko na vyoo isimfikie. Kwa siku mbili alizunguka chuo kizima, Lusajo akimshikia kamba na kuuliza kila baada ya mita hamsini kama siku ya kupima imekaribia. Kila alipouliza, Tunu alijifanya anasoma namba.

Uwanja wa mpira una mteremko. Nyuma ya bwalo kunanuka maharage yaliyoungua. Kando ya shimo la kuchomea, jua lingempiga Mheshimiwa usoni mpaka ang'ae. Katika ekari sitini za chuo palipatikana mahali pamoja tu palipotimiza masharti yote, nao ni mbele ya mlango wa kliniki. Tunu alirudia vipimo mara tatu, na namtetea hapa mbele yenu, hakudanganya hata sentimita.

Likabaki suala la utepe. Ofisa Utepe wa Wilaya, mzee Shangwe, mtu mwembamba aliyevaa tai hata akienda kuoga, alikuja mwenyewe kutoa taarifa ya masikitiko: utepe umekwisha nchi nzima. Kipande cha mwisho kilitumika kuzindua Ghala la Taifa la Utepe. "Lakini naona hapa pana utepe tayari," alisema akiupapasa ule uliopauka. "Mtatumia huu. Tena maboksi yenyewe ya kuchomwa si yako humu ndani? Na ndani hakuingiliki bila kuukata. Basi, mambo yamejipanga."

Usiku huohuo, ukurasa wa mia moja themanini na saba, Tunu alikuta mistari miwili: *Kinachozinduliwa ni kile kilicho nyuma ya utepe. Hotuba haihesabiwi.* Waliotunga sheria hiyo walikuwa wameshasikiliza hotuba nyingi maishani. Tunu alisoma tena, akafunga kitabu, akajifunika shuka gubigubi na kucheka mpaka mwenzake wa chumba akamuuliza kama ana homa.

Tarehe ishirini na nane ikafika. Turubai likafungwa, viti vikavalishwa mashuka, bendi ya tarumbeta ikapiga wimbo mmoja iliokuwa inaujua. Mheshimiwa Mavumba alitakiwa saa nne. Alifika saa nane, na watu wakafarijika, maana mgeni anayefika kwa wakati kule kwao hushukiwa kuwa si mkubwa. Alikuwa mtu wa kitambi na sauti nene, na hotuba yake ilikuwa ileile aliyozindulia machinjio wiki iliyopita.

"Ndugu wananchi! Leo ni siku ya kihistoria! Vijana ni taifa la kesho, na kesho, kama mnavyojua, bado haijafika! Kwa hiyo vijana subirini! Serikali yenu imesubiri kabla yenu na haijapata madhara yoyote!"

Vigelegele. Mkasi ukaletwa kwenye sahani. Mheshimiwa, aliyekuwa ameshakata tepe elfu nne na hajawahi hata mara moja kuangalia kilichoko nyuma yake, alikata. Utepe ukaanguka. Tarumbeta zikalia. Vijana wawili wa ulinzi wakasogea kwenda kutoa maboksi yachomwe.

"Msiguse!" Ilikuwa sauti ya mzee Shangwe, Ofisa Utepe, tai imenyooka. "Mheshimiwa, kwa heshima na taadhima, kwa mujibu wa ukurasa wa mia moja themanini na saba, umezindua kliniki. Vitu vilivyozinduliwa leo havichomwi. Vipo."

Profesa Tambazani alikimbia, akaokota ncha mbili za utepe, akajaribu kuzifunga fundo.

"Profesa, usijiaibishe," alisema mzee Shangwe. "Utepe uliokatwa na waziri hauungwi. Miaka thelathini na moja kazini sijauona. Na ukurasa unaofuata unasema mgeni rasmi ndiye anayetumia wa kwanza, akisindikizwa na mwananchi mmoja."

Hilo kila mtu alilijua. Akizindua bomba, anakunywa. Akizindua basi, anapanda. Aliyezindua makaburi mapya ndiye pekee aliyeomba udhuru, akakubaliwa, anatunziwa nafasi. Waandishi wa habari walikuwa wameshainua kamera. Mheshimiwa aliangalia gari lake, akaona limezibwa na bendi. Mzee Shangwe alipouliza ni mwananchi gani atakayemsindikiza, hakumaliza swali. Tunu alikuwa ameshasimama.

Mlango ukafunguliwa, mara ya kwanza tangu uwekwe. Nesi Kandida alisimama ndani, macho yamemjaa machozi, maana sasa hata kisheria alikuwemo. Akawatoboa vidole wote wawili, akachukua damu, akawaambia wangoje dakika ishirini kwenye benchi.

Mheshimiwa Mavumba hakuwahi kungoja. Alikuwa akingojwa tangu ujana wake. Alikaa ukingoni mwa benchi, magoti pamoja, akaangalia bango la ukutani lenye mishale, akaangalia pembeni, akaliangalia tena.

"Binti," alinong'ona mwishowe, "unaogopa?"

"Naogopa sana, Mheshimiwa."

"Na mimi." Alijifuta jasho. "Usimwambie mtu."

"Humu ndani hakuna anayemwambia mtu," alisema Nesi Kandida kutoka mezani. "Hiyo ndiyo kazi. Haya, nani aanze?"

"Mtangulize binti," Mheshimiwa alisema haraka. "Sisi tunawajali vijana."

Kwa hiyo Tunu ndiye aliyeingia chumba cha ndani kwanza. Nesi alifunga mlango, akakaa, akamtazama usoni. Virusi vya UKIMWI hana. Kaswende anayo. Alisema hivyohivyo, kwa maneno yake halisi, bila kushusha sauti na bila kuipandisha. Kisha Tunu akasikia Nesi akisema sindano iko hapa, utarudi kupimwa tena baada ya miezi mitatu, mambo ya kitandani weka pembeni mpaka nitakapokwambia, na penzi lijalo lianze na haya maboksi. Sindano ya kaswende, kwa taarifa yenu, haichomwi mkononi. Ilimuuma. Alipiga ukelele uliosikika nje, na nje watu wakashika vichwa.

Alipotoka mlangoni akichechemea, umati mzima ulikuwa ukimkodolea macho. Na hapo, jamani, alikuwa amesahau desturi moja. Mwananchi anayetoka kutumia kitu kilichozinduliwa hutoa neno la shukrani. Mshereheshaji alikuwa ameshamkimbilia na kipaza sauti.

Profesa Tambazani alimfinyia jicho: sema ahsante, ukae. Tunu aliwatafuta watu kwa macho, akamwona Lusajo, mrefu kupita wote, kasimama kwenye nguzo ya turubai. Alitaka kumwambia peke yake. Aliwaza aseme "ahsanteni" tu, na kila mtu arudi bwenini kwake akajifiche na lake. Akawakumbuka wale kumi na wawili waliokuwa wakitafuta vitu majanini.

"Nimepima," alisema, na sauti ikatoka kwenye spika zote nne. "Nimekutwa na ugonjwa. Unatibika, na nimeshachomwa sindano, mmenisikia nilivyopiga kelele. Nimeishi wiki nzima siwezi kula kwa sababu nilikuwa sijui. Sasa najua, na ninasikia njaa. Mlango uko wazi. Ahsanteni."

Hakuna aliyepiga makofi. Tunu alirudisha kipaza sauti, akatazama kwenye nguzo ya turubai. Lusajo hakuwepo.

Basi, moyo ukamwanguka. Hasira hakuwa nayo, nguvu za kukasirika zilikuwa zimekwisha. Alijiambia kwamba hata yeye angeshtuka, kwamba mtu hawezi kusikia jambo kama lile kwenye spika akabaki amesimama, kwamba bora kujua leo. Alishuka ngazi mojamoja kwa sababu ya sindano, macho chini, akisikia viti vinaburutwa na watu wanainuka kuondoka.

Hawakuwa wanaondoka. Alipoinua macho aliona foleni. Ilianzia mlangoni, ikazunguka jengo, ikakanyaga maua ya Nesi Kandida, ikapita bwalo ikielekea karakana. Wa useremala walikuwemo, wa ushonaji walikuwemo, mpiga tarumbeta alikuwemo na tarumbeta lake, na hata Profesa Tambazani alikuwemo, amevaa kofia ya kuazima, akimweleza kila mtu kwamba anakagua nidhamu ya foleni. Ndani, Mheshimiwa Mavumba alikuwa bado kwenye benchi. Majibu yake siyajui, na ningeyajua nisingewaambia.

Tunu alitembea kando ya foleni ile, akitafuta pa kupita, mpaka akasikia mtu anamwita. Kule nyuma kabisa ya bwalo, kiatu kimoja hana, shati limetoka kwenye suruali, alisimama Lusajo.

"Nilikuwa wa kwanza!" alilalamika, akihema. "Wallahi, ulivyosema tu mlango uko wazi nikatimua mbio kuzunguka nyuma ya turubai, nikafika wa kwanza kabisa. Wamenisukuma, Tunu. Wamenisukuma mpaka huku."

Lusajo akamtazama, akaacha kulalamika.

"Inauma?" aliuliza.

"Sana."

"Egemea hapa." Akampa bega. Tunu akaegemea, na foleni ikasogea hatua moja.